Tari la Miriamu na Ngoma ya Bibi: Historia Fupi ya Kumsifu Mungu Upande wa Majita

Utangulizi

Mwezi Agosti mwaka juzi tulimzika bibi yangu mzaa baba, kijijini Bukima, Musoma Vijijini. Waombolezaji wakiwa bado wamekaa chini ya mwembe, ulizuka ubishi ambao ndio uliozaa makala hii. Wanawake wa rika lake walitaka kumsindikiza kaburini kwa ngoma, kwa sababu ujanani mwake alikuwa mpigaji ngoma aliyejulikana. Mzee mmoja wa kanisa akasimama akakataa. "Huyu ni mama wa kanisa," alisema. "Atazikwa kwa nyimbo za kitabuni. Ngoma ni ya dunia."

Shangazi yangu hakukubali. "Mzee, hiyo Biblia uliyoshika imejaa ngoma. Hebu soma Zaburi ya 150 utuambie imesema nini."

Mzee akamjibu bila hata kufungua kitabu: "Na wewe, mama, soma Danieli mlango wa tatu. Vyombo vyote hivyo vilipigwa, na watu wakasujudia sanamu."

Kimya. Kisha baba mkubwa akanigeukia mimi. "Wewe si unasoma fasihi huko chuo kikuu? Hebu tuamulie." Nikasema kwamba wote wawili wana hoja. Watu wakacheka, msibani pale pale. Ati hilo ni jibu la mwanasiasa.

Makala hii ni jibu nililopaswa kulitoa siku ile. Sikusudii kuhubiri, wala gazeti letu si mahali pake. Nakusudia kuichukua Biblia kama kazi ya fasihi iliyotungwa, ikatafsiriwa, ikasafirishwa, ikasomwa na watu wa mahali fulani, kisha niulize: namna za kumsifu Mungu zilizomo humo zilipofika upande wetu wa ziwa, zipi ziliingia, zipi zilibaki mlangoni, na nani alizizuia? Nilianza utafiti huu nikiwa na jibu tayari mfukoni, yaani wamisionari waliiua ngoma. Ndugu msomaji, utaona kwamba jibu hilo sikuweza kulitunza.

Sifa yenye mwili

Anayefungua Zaburi kwa Kiswahili hukutana na vitenzi vichache vinavyorudiwarudiwa: kusifu, kuhimidi, kushukuru, kutukuza, kushangilia, kuabudu, kusujudu. Tumezoea kuvitumia kana kwamba vyote ni kitu kimoja. Katika Kiebrania, lugha ambayo Zaburi zilitungiwa, kila kitenzi kina kazi yake, na vingi vina kiungo chake cha mwili.

Chukua kitenzi halal. Maana yake ni kusifu kwa kutamba, kwa kujivunia waziwazi. Humo ndimo lilimotoka neno haleluya, ambalo ni amri iliyo katika wingi: msifuni Yah, ninyi nyote. Kitenzi yada huhusishwa na neno yad, yaani mkono. Ni kushukuru kwa kukiri. Barak kinafanana na berek, ambalo ni goti. Zamar ni kuimba huku nyuzi zikipigwa, na humo limetoka neno mizmor linaloandikwa juu ya Zaburi nyingi. Rua ni kupiga kelele, zile za vitani na zile za shangwe. Zaburi ya 47 inaanza kwa kuwaamuru watu wapige makofi. Na neno linalotafsiriwa mara nyingi kuabudu au kusujudu lina maana ya kuinama mpaka uso ukaribie ardhi. Kiebrania chenyewe hukiita kitabu kizima cha Zaburi Tehilim, yaani sifa.

Katika orodha hiyo ni shida kumpata mtu aliyekaa kwenye benchi, mikono ameifumbata, anafungua mdomo tu. Hata hivyo tusipendelee upande mmoja. Zaburi ya 65, kwa Kiebrania, inaanza kwa kuutaja ukimya pamoja na sifa, na Eliya katika kitabu cha kwanza cha Wafalme hakumkuta Mungu kwenye upepo wala tetemeko wala moto. Ukimya nao ni sifa, lakini ni namna moja miongoni mwa nyingi.

Sasa tuingie kwenye ubishi wenyewe wa shangazi na mzee. Katika Kutoka mlango wa 15, Waisraeli wakiisha kuvuka bahari, Miriamu anashika tari, na wanawake wote wanamfuata kwa matari na kucheza. Katika mlango wa 32 wa kitabu hicho hicho, Musa anashuka mlimani, anawakuta watu wakicheza mbele ya ndama wa dhahabu, anazivunja mbao za mawe. Neno la Kiebrania linalotaja uchezaji wa Miriamu na linalotaja uchezaji mbele ya ndama ni lile lile, meholot. Mwandishi hakutafuta neno safi kwa ajili ya Miriamu na neno chafu kwa ajili ya ndama. Kinachobadilika ni yule anayechezewa.

Kwa hiyo mzee aliyetaja Danieli hakukosea. Mfalme Nebukadreza aliamuru vyombo vya kila namna vipigwe, na sauti yake ikawa ishara ya watu kuanguka mbele ya sanamu. Shangazi naye hakukosea. Kosa, nikilitazama sasa, lilikuwa la kudhani kwamba chombo kina dini.

Kuna kisa cha tatu ambacho hakuna aliyekitaja pale mwembeni. Katika Samweli wa pili mlango wa 6, Daudi anacheza mbele ya sanduku la agano kwa nguvu zake zote, naye Mikali mkewe, binti Sauli, anamwona kutoka dirishani na kumdharau moyoni. Ukisoma maneno ya Mikali utaona kwamba hakuchukia muziki. Kilichomuudhi ni kwamba mfalme amejifunua mbele ya vijakazi. Shida yake ni hadhi. Nawaomba wasomaji mkikumbuke kisa hiki, kwa maana mara nyingi makanisani watu hubishana kwa maneno ya Danieli huku moyoni wakiwa na shida ya Mikali.

Maneno yaliyofika kwa jahazi

Biblia haikufika Bukima kwa Kiebrania. Ilifika kwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kilikuwa mgeni. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na hakuchelewa kuanza kutafsiri. Steere aliifanya kazi hiyo Unguja kuanzia miaka ya 1860. Mwaka 1937 Mjerumani Karl Roehl alitoa Biblia iliyojaribu kupunguza maneno ya asili ya Kiarabu na kuweka ya Kibantu. Mwaka 1952 ikatoka tafsiri ya Union, ambayo wengi wetu tumelelewa nayo.

Jaribio la Roehl linamvuta sana mhakiki. Yeye aliona kwamba Mbantu wa bara anaposoma neno lenye asili ya Kiarabu anasoma kitu cha mbali. Tazama vitenzi vyetu vya sifa: sifu, himidi, shukuru, abudu, sujudu, vyote vimetoka Kiarabu. Vya Kibantu ni imba, tukuza, shangilia na wenzake wachache.

Lakini Roehl hakuwa na haki yote. Kiarabu na Kiebrania ni ndugu wa tumbo moja. Kiebrania kina avoda, maana yake kazi, utumishi na ibada, na mzizi wake ndio ule ule wa abudu. Kiaramu cha kitabu cha Danieli, katika mlango ule ule wa tatu alioutaja mzee, kinasema watu walianguka wakasujudu, na mzizi wake ni wa ukoo wa sujudu hii hii. Kumbe maneno ya waungwana wa pwani, waliyoyapata kwa Uislamu, yako karibu na midomo ya manabii kuliko maneno ambayo Roehl angeyachimba huko bara. Hilo ni jambo la kuheshimu, hasa kwa Mkristo wa bara anayedhani hana deni lolote kwa Waislamu wa pwani.

Sasa basi, ukaribu wa mizizi ni wa wataalamu. Bibi yangu alikuwa msikilizaji. Kiswahili alijifunza kanisani na gulioni. Nyumbani ni Kijita, na Mungu kwa Kijita ni Nyamuanga. Siku moja nikiwa likizo nilimsomea Zaburi, nikafika penye kuhimidi. Akanisimamisha. "Mume wangu," akasema, maana ndivyo alivyonitania, "kuimba najua. Kupiga goti najua. Kupiga kelele ndiyo usiseme. Huko kuhimidi kunafanywaje?"

Sikuwa na jibu. Kwa Kiebrania neno lile lilikuwa na jamaa aitwaye goti. Kwa Kiswahili lilikuwa zuri, limetulia, lina heshima, na halina goti. Tafsiri ilileta maana, mwili ukabaki njiani.

Tazama pia Zaburi ya 150 ya Union, silaha ya shangazi. Vyombo vyake ni baragumu, kinanda, kinubi, matari, zeze, filimbi na matoazi. Ngoma haimo! Tari la pwani ni kitu kidogo cha kushika mkononi, chenye ngozi upande mmoja, nalo kwa kweli ndilo lililo karibu na chombo cha Miriamu. Nadhani watafsiri walikuwa na sababu nzuri, kwani neno ngoma kwa Kiswahili ni chombo, ni wimbo, ni uchezaji na ni shughuli nzima, lote kwa pamoja. Mtafsiri aliyetaka chombo tu asingeweza kulichukua. Lakini matokeo yake ni kwamba mtu wa Majita aliweza kuisoma Zaburi nzima ya vyombo, tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho, asikutane na ngoma yake. Kimya hicho kikageuka kuwa sheria.

Kutoka Zürich hadi Shirati

Hapa ndipo jibu langu la mfukoni lilipoanza kutoboka.

Injili ilifika sehemu zetu kwa milango kadhaa. Waadventista Wasabato walikuwa wameshafika upande huu wa mashariki wa ziwa kabla ya vita ya 1914. White Fathers walianzisha misheni ya Nyegina mwaka 1911. Mwaka 1934 wakaja Wamenoni kutoka Marekani, wakaanzia Shirati, kisha wakashuka kuelekea Musoma. Kila mlango ulikuwa na masikio yake.

Nilidhani Wamenoni waliikataa ngoma kwa sababu ni ya Mwafrika. Kumbe makanisa yaliyowatuma, ya Lancaster huko Pennsylvania, siku zile hayakuwa na chombo chochote ndani ya ibada, si piano wala kinanda cha upepo. Waliimba kwa sauti tupu, kwa sauti nne. Asili ya jambo hilo iko mbali. Mwaka 1525, mjini Zürich, Uswisi, vijana waliokuwa wanafunzi wa Zwingli walijitenga naye wakabatizana upya, nao ndio mababu wa Wamenoni. Zwingli mwenyewe alikuwa mwanamuziki hodari, na bado ndiye aliyeunyamazisha muziki kanisani, kwa hoja kwamba ibada ibaki na yale tu yaliyoamriwa na Maandiko. Wanafunzi wake waligombana naye kwa mengi, lakini ibada isiyo na vyombo ikadumu kwa vizazi vyao.

Kwa hiyo mmisionari aliyesema Shirati au Musoma kwamba ngoma isiingie kanisani, nyumbani kwao aliizuia hata piano ya mama yake. Simtakasi. Piano ilizuiwa kanisani lakini hakuna aliyeiita ya shetani nje ya kanisa, na ngoma yetu mara nyingi iliitwa hivyo hata uwanjani. Tofauti hiyo ni kubwa. Lakini si sawa tena kusema kwamba kisa chote ni dharau. Nusu yake ni hoja ya kale ya Zürich iliyovuka bahari mbili na kutua kwa watu ambao hawakuwa wameombwa maoni.

Na kuna nusu nyingine inayouma zaidi, kwa sababu ni ya kwetu wenyewe. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukapita Uganda na kuenea Afrika Mashariki yote, uliwaka Shirati mwaka 1942. Ulikuwa moto wa Waafrika. Watu walisimama, wakaungama hadharani, wakarudisha mali za wizi, wakakumbatiana makabila yaliyokuwa hayasalimiani. Sifa yao ilikuwa na mwili kwelikweli, kwa machozi, mikono na wimbo wa papo kwa papo mtu akiisha kutoa ushuhuda. Wimbo wa Kiganda wa Tukutendereza, maana yake tunakusifu, ulivuka mipaka yote, ukaimbwa na watu wasiojua neno jingine la Kiganda. Ukiutazama kifasihi, huo ni mtindo wa kiitikio na wa utendaji tunaoufahamu katika fasihi simulizi: mmoja anatoa habari yake, jamii inaipokea kwa wimbo. Lakini ngoma yenyewe haikuingia. Walioiacha waliiacha kwa mikono yao.

Bibi aliniambia hivyo mwenyewe. "Usiwasingizie wazungu, mume wangu. Hakuna aliyetushika mkono. Ngoma ya siku zile ilikuwa na pombe, na pombe ilikuwa na fimbo, na kulipokucha kulikuwa na mwanamke anayelia. Nilipookoka niliitoa ndani nikamgawia jirani. Nilifurahi."

Ngoma ya Desemba 1961

Halafu ukaja Uhuru. Tarehe 9 Desemba 1961 kila kijiji kilikuwa na shangwe yake. Bibi alikuwa na miaka kama ishirini na mmoja, ana mtoto mgongoni. Ngoma ilikuwa imeegeshwa kwenye mti, mpigaji wake amekwenda kunywa maji. "Mikono ilikwenda yenyewe," alisema. Alipiga mpaka mtoto akaamka.

Jumapili iliyofuata akaitwa mbele ya wazee wa kanisa lake, ambalo sitalitaja, akawekwa nyuma miezi mitatu bila kushiriki meza ya Bwana. Alijitetea kwa sentensi moja tu: "Nilikuwa namshukuru Nyamuanga kwa uhuru." Hawakumsikia. Alitii. Miezi mitatu alikaa benchi la mwisho, na baada ya hapo hakushika ngoma tena mpaka kufa.

Lakini kuna jambo nililolishuhudia mimi mwenyewe tangu utotoni. Bibi alipomenya mihogo aliimba nyimbo za kitabuni huku akigonga ubavu wa sufuria kwa mpini wa kisu. Zamani niliona ni mchezo wa mzee. Baada ya kusoma arudhi nimetambua kwamba alikuwa anafanya uhakiki.

Tazama: kitabu kinachotumiwa na madhehebu mengi ya Kiprotestanti kinaitwa Tenzi za Rohoni, jina linalotokana na maneno ya Waefeso 5:19. Kwa fani nyimbo nyingi humo si tenzi. Ni tafsiri za nyimbo za Kiingereza, zimewekwa chini ya lahani za Kiingereza. Mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Lahani nyingi za Kiingereza hupenda kutua kwa kishindo kwenye silabi ya mwisho ya mstari. Basi neno kama moyo, ambalo mkazo wake uko mwanzoni, linaimbwa kana kwamba mkazo uko mwishoni, na vivyo hivyo mbingu, na vivyo hivyo Bwana. Tumezoea, hatusikii tena. Bibi alisikia. Alipogonga sufuria alivuta lahani kidogo, akaisogeza, na mkazo ukarudi nyumbani kwake. Hakuna mzee wa kanisa aliyewahi kumweka nyuma kwa sababu ya sufuria.

Nyegina, Butiama na njia nyingine

Wakatoliki walipita njia yao. Kwa miaka mingi Nyegina nako kulisikika Kilatini. Mlango ulifunguliwa tarehe 4 Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipotoa hati ya liturujia iliyotambua mila za muziki za mataifa na kuruhusu vyombo vyao viingie ibadani vikifaa kwa kazi takatifu. Mwaka huo huo padri Mtanzania Stephen Mbunga alichapisha kitabu juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Tangu hapo ngoma na kayamba vimekuwa vitu vya kawaida katika misa, na mtoto wa Kikatoliki wa leo hawezi kuelewa bibi yangu aliadhibiwa kwa kosa gani.

Njia ya tatu ni ya mtu wa jirani yetu. Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama mwaka 1922, aliyebatizwa mwaka 1943, tunamfahamu wanafasihi kwa tafsiri zake za Shakespeare. Wachache husoma kazi yake ya uzeeni: alizitia Injili nne na Matendo ya Mitume katika utenzi, vikachapishwa mwaka 1996, miaka mitatu kabla ya kifo chake. Ni beti za vipande vinne, mizani minane kila kipande. Bahari hiyo imelelewa na Uislamu wa pwani tangu kabla ya utenzi wa Herekali wa mwaka 1728, na tenzi za namna hiyo kwa desturi huanza kwa kumhimidi Mungu. Nyerere alichukua chombo cha jirani akakitumia kusimulia habari ya Kristo, wala hakuona haja ya kukiosha kwanza.

Mhakiki anaweza kuuliza kama utenzi huo umefika Bukima. Sijamkuta mtu anayeughani kijijini. Utenzi nao ulikuja bara kwa jahazi, kama kuhimidi. Lakini kama hoja, kazi ile inatosha. Mzaliwa wa Mara, Mkatoliki wa kila siku, ameonyesha kwa maelfu ya mishororo kwamba umbo la sanaa halina ubatizo wala halina ukafiri. Linapokea kile linachotiwa.

Kinanda cha leo

Mtu ataniambia: dada, kaka, ubishi huu umepitwa na wakati. Siku hizi kila kanisa lina kipindi cha kusifu na kuabudu. Kweli. Vijana husimama mbele, kinanda cha umeme kinalia, wanaanza na sifa za haraka, watu wanaruka, kisha taa kama zinapungua, wimbo unakwenda polepole, mikono inainuliwa, hiyo sasa ndiyo kuabudu. Mwili umerudi kanisani, tena kwa kishindo. Hata neno kinanda limehama: zamani lilitaja chombo cha nyuzi, na ndicho kilichomo katika Zaburi ya 150, lakini kijana wa leo akilisoma anaona mashine ya umeme.

Nilikuwa nimejiandaa kuandika kwamba mpangilio huu wa sifa kwanza na kuabudu baadaye haumo katika Biblia. Umo. Zaburi ya 95 inaanza kwa kelele za shangwe, kisha katika mstari wa 6 inawaita watu kuinama na kupiga magoti. Ila Zaburi haiishii hapo. Baada ya magoti inageuka ghafla kuwa onyo: watu waisikie sauti ya Mungu, wasifanye mioyo migumu kama baba zao jangwani. Kifani ni mgeuko mkali, karibu uvunje utungo. Vipindi vyetu huimba nusu ya kwanza na kuketi. Nabii Amosi, katika mlango wa 5, alikwenda mbali zaidi: Mungu anazikataa kelele za nyimbo na vinanda vya watu wasiotenda haki.

Hapo ndipo ninapowarudia wazee wa mwaka 1961. Walijali chombo, wakamwacha yule mwanamke aliyesema anashukuru. Na hapo pia ndipo ninapovirudia vipindi vya leo. Tumeruhusu kila chombo, na sijui kama kuna anayemuuliza mpigaji anashukuru nini.

Hitimisho

Naam, siku ile ilikwishaje? Ngoma haikupigwa. Mzee hakulegeza, na shangazi alimheshimu. Tulitoka na nyimbo za kitabuni. Tulipofika karibu na kaburi mwanamke mmoja akaanza kupiga makofi, taratibu, na wengine wakapokea. Makofi yamo katika Zaburi ya 47 na hakuna aliyewahi kuyapinga. Ule mkazo nilioujua tangu utotoni ukarudi mahali pake: moyo, mbingu, Bwana. Mzee alikuwa amesimama na Biblia kifuani. Baadaye, wakati wa kunawa mikono, akaniambia kwa sauti ya chini, "Siku ya Uhuru nilikuwa mtoto mdogo. Nilimwona akipiga. Sijapata kuona tena vile." Kisha akaenda zake.

Baba mkubwa, jibu langu ni hili. Biblia imezijua namna nyingi za kumsifu Mungu, za goti, za mkono, za kelele, za nyuzi, za ngozi iliyowambwa na za ukimya, na haikuweka chombo chochote upande wa Miriamu au upande wa ndama mpaka ilipomwona mchezaji anamwelekea nani. Wamisionari walileta hofu yao kutoka mbali. Watafsiri walichagua neno dogo kwa sababu ya haki. Sisi wenyewe tuliitoa ngoma ndani kwa sababu ya pombe na fimbo, na sababu hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini alipokuja mtu na shukrani mikononi mwake, tulipaswa kuitazama shukrani.

Kwenu wanafunzi wenzangu ninaloomba ni dogo. Likizo ijayo, anayekwenda Majita, Zanaki, Ukuria au kwingineko, akae na mabibi waliobaki, asikilize wanavyoimba nyimbo za kitabuni wakiwa jikoni peke yao, na anukuu wanagonga wapi. Mimi ya bibi yangu sikuinukuu. Nimebaki na sufuria.